Tusimsimange Kijana Tuliyempokea

Lipo neno ambalo husikika katika nyumba nyingi za Wakristu, tena nyumba ambazo sala ya jioni husaliwa bila kukosa. Husemwa na mzazi mwenye hasira, mara nyingi baada ya chakula, sahani zikingali mezani: "Bila mimi ungekuwa wapi wewe?" Aambiwaye ni kijana asiyezaliwa katika nyumba ile. Huinama, huokota sahani, huenda kuziosha. Mzazi hudhani ya kuwa amemfunza adabu. Sisi twaona kwamba usiku ule nyumba imepoteza kitu kisichorudi upesi, na juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu hicho.

Twasema juu ya vijana wa kike na wa kiume, wa miaka 12 hadi 18, wanaolelewa na wasio wazazi wao. Baadhi yao wameletwa na Afisa wa Ustawi wa Jamii, kwa utaratibu ambao sheria yetu huuita malezi ya kambo. Maana yake ni kumpokea mtoto wa mwingine nyumbani na kumtunza, bila kumfanya kuwa mwana wa sheria kama ilivyo katika kuasili. Lakini wengi zaidi hawakuletwa na karatasi yo yote. Waliletwa na msiba. Matanga yalikwisha, ukoo ukaketi, watoto wakagawanywa: huyu kwa shangazi, yule kwa baba mdogo mjini, kitinda mimba abaki na bibi. Kwa mambo tutakayoyasema hapa, hawa na wale ni hali moja.

Watu hupenda kumpokea mtoto mchanga. Kijana wa miaka 14 huogopwa. Husema, samaki mkunje angali mbichi, na huyu amekwisha kukauka. Methali ile ni njema kwa samaki. Binadamu hakauki namna hiyo, na wataalamu wa ubongo wametuonyesha kwamba ile sehemu ya ubongo inayopima mambo na kuzuia haraka ya moyo ndiyo inayokomaa mwisho, yapata umri wa miaka 25, hali sehemu za hasira, hofu na huzuni zimekwisha kuwaka mapema. Basi kijana wa miaka 14 yuko katikati ya ujenzi. Akipata mtu wa kusimama karibu naye wakati huo, ujenzi wapata nguzo. Lakini ni kweli pia kwamba ni kipindi ambacho hata aliyelala kila usiku chini ya paa la mama yake huyumba.

Tufikiri sasa yule aliyepokewa amebeba nini. Sisi twaona amefiwa na mama, twahesabu msiba mmoja. Yeye amepoteza mama, na pamoja naye kitanda, njia ya kwenda shule, rafiki wa kuchezea mpira, lugha ya nyumbani labda, kuku wake, nafasi yake ya kuwa mtoto mkubwa wa nyumba. Aliyekuwa akiwapikia wadogo zake aambiwa sasa na mwenye nyumba kwamba hajui kupika. Tena wadogo wenyewe wako mbali, na hakuna amwelezaye kama wanakula. Wakubwa walipokutana kuamua, yeye alikuwa nje akiwapa maji ya kunawa wageni.

Huzuni ya namna hii kwa kijana haitoki kama machozi. Hutoka kama ukali, ukimya, tumbo linalouma kila Jumatatu, alama za darasani zinazoanguka, uongo mdogo mdogo usio na faida. Wengine huficha chakula chini ya godoro, mkate au kiporo cha ugali, ingawa nyumba ina chakula cha kutosha. Aliyewahi kulala na njaa haamini kwa maneno kwamba kesho kipo. Na yuko mwingine ambaye walezi humsifu kwa majirani: hasumbui, haombi, huamka wa kwanza, hulala wa mwisho, hata ugonjwa wake huuficha. Huyo nasi humsifu, na pengine ndiye anayetupasa kumhofia zaidi. Mtoto asiyekosea kamwe ni mtoto anayeogopa kufukuzwa.

Hapo ndipo masimango yanapoingia, na hapo ndipo yanapoua. Lugha yetu ina utajiri mkubwa katika jambo hili, nasi hatujui kama ni la kujivunia: tunalo neno zima kwa tendo la kumhesabia mtu wema uliomtendea ili aone aibu. Kusimanga si lazima kwa maneno makali. Sukari imepungua koponi. Mama mwenye nyumba ana watoto watano, aanza kumwita yule wa sita. Nguo za Krismasi zimenunuliwa, na yake ni ile iliyombana mtoto wa nyumbani mwaka jana. Mgeni amekuja, watoto watajwa kwa majina, na huyu aitwa "yatima wetu." Ada imelipwa, na risiti yawekwa mezani aione. Akianguka mtihani, watoto wengine huambiwa wamekuwa wavivu. Yeye huambiwa amekula fedha ya watu.

Husemwa vilevile kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Nasi twakubali. Kijana asiyepewa kazi hubaki mgeni, na mgeni hana nyumba. Lakini swali ni hili: jembe hilo, watoto wa kuzaliwa wanalo pia? Ikiwa binti aliyepokewa anateka maji, anafua, anawaogesha wadogo na kufika shuleni amechelewa, hali binti wa nyumba wa umri uleule yungali anachana nywele, basi hapo hatuna malezi. Tuna mtumishi asiye na mshahara, na ushirika wetu wa mezani mwa Bwana wafaa uulizwe habari zake.

Kwa nini masimango humwumiza kijana kuliko fimbo? Kwa sababu humfanya mdaiwa, na deni lenyewe halilipiki. Mtoto wa kuzaliwa ana ruhusa ya kukasirika, kununa, kuanguka mtihani na kusema "sitaki," na jioni bado ni mtoto wa nyumba. Aliyepokewa kwa masimango hana ruhusa hiyo. Kila kosa lake ni ukosefu wa shukrani. Na mtu asiye na ruhusa ya kukasirika mbele ya wanaomlisha hana pa kupeleka hasira yake ya kufiwa. Huimeza. Baadaye ama imgeukie yeye mwenyewe, ama aipeleke nje, kwa watu watakaompa maneno matamu bila kumhesabia, na binti zetu wengi wamepotea kwa mlango huo. Shukrani itakuja siku yake. Mara nyingi huja akiwa na miaka 30, naye anamfunga mtoto wake kanga mgongoni. Kuidai akiwa na miaka 15 ni kuvuna mahindi yangali maua.

Jambo hili si geni kwa Kanisa la nchi yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa Wakristu wa kwanza waliokuwa nao ni watoto waliokombolewa utumwani: watoto waliotekwa mbali, wasiojua njia ya kurudi kwao, wengine wakikaribia ujana. Twaweza kusema kwamba kabla Kanisa hapa halijawa la wazazi na watoto wao, lilikuwa la watoto wa watu wengine. Walifundishwa kusoma, kulima, ufundi na sala. Lakini hatufichi kwamba kwa desturi za nyakati zile maisha yao yalipangwa sana na wengine, na sauti zao wenyewe zimetufikia chache mno. Tuna habari za minazi iliyopandwa kuliko za ndoto za waliopanda.

Karne moja na zaidi ikapita, msiba mwingine ukaja. UKIMWI ulitambuliwa kwanza katika nchi yetu mwaka 1983, mkoani Kagera, na katika miaka ya 1990 kule kulikuwa na nyumba ambazo kizazi kizima cha katikati kilikuwa kimeondoka, wakabaki mababu na wajukuu. Misaada ilikuja: blanketi, madaftari, sare za shule. Lakini huko Nshamba, wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka ile, ulianza mradi uliotazama jambo jingine. Uliitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Walimu walifunzwa namna ya kumtambua na kumsikiliza mtoto aliyefiwa, maana mwalimu aonaye madawati yote humwona pia yule anayetazama dirishani. Kisha, mwaka 2000, vijana wenyewe waliofiwa na wazazi walikuwa na chama chao. Walikiita Vijana Simama Imara. Walijichagulia viongozi, wakawa na kanuni zao, wakasaidiana katika shida.

Tutafakari jina lile. Hawakujiita yatima wa mahali fulani, wala wahitaji. Tena walichopata pale hakikuwa huruma. Huruma walikuwa nayo ya kutosha, na huruma ikizidi humfanya kijana awe mdogo. Walipata nafasi ya kusema jambo likasikika, na ya kumsaidia mwenzao mwenye shida kuliko wao. Kijana anayesaidia mwingine huona kwa macho yake kwamba yeye si mzigo tu. Parokia zetu zina vyama vya vijana, zina utoto mtakatifu, zina kwaya. Ni wangapi kati ya viongozi wa vyama hivyo ni vijana waliopokewa? Twaomba walezi wa vyama watazame orodha zao.

Na habari ya karibu zaidi: mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na ambao msiba ulikuwa ukiwasumbua. Baadhi yao walipata mikutano 12 ya ushauri katika vikundi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Walezi nao walikuwa na mikutano yao kwa wakati uleule. Katika sehemu tatu kati ya nne za jaribio lile, dalili za mfadhaiko zilipungua mara baada ya mikutano kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Ushauri wenyewe ulikuwa pamoja na jambo ambalo nyumbani twalikwepa: mtoto alisaidiwa kusimulia kifo kilivyokuwa. Sisi humwambia, "Nyamaza mwanangu, usiwaze hayo." Twasema kwa upendo. Naye hunyamaza, lakini huwaza.

Basi tunakuja kwenye jambo la pili, ambalo walezi wengi wema hukosea kwa nia njema. Wamempenda kijana, wametaka awe wao kabisa, kwa hiyo jina la mama yake halitajwi nyumbani. Au latajwa kwa ubaya: baba yako alikuwa mlevi, nawe waelekea kulekule, mwana wa nyoka ni nyoka. Kijana ajuaye kwamba nusu ya damu yake ni ya mtu anayetukanwa mezani atajidharau nusu yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ukoo wake, na yampa haki ya kutoa maoni yake. Na katika hili sheria ya nchi yaenda sambamba na amri ya Mungu ya kuwaheshimu baba na mama, ambayo haikusema kwamba heshima hiyo hukoma kaburini.

Mtakatifu Josefina Bakhita, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2000, alitekwa huko Sudan akiwa mtoto mdogo, na hofu iliyompata ikamfanya alisahau jina lake mwenyewe. Jina tumwitalo nalo alipewa na waliomteka. Mama yake alimwita nani, hakuna ajuaye. Vijana wetu bado wanayo majina. Tuwatunzie. Picha ya marehemu iwe ukutani pamoja na picha nyingine za nyumba. Nia ya Misa ya kila mwaka isomwe kwa jina lake kamili, na kijana mwenyewe apeleke bahasha ofisini. Likizo moja apelekwe akalione kaburi, akapalilie, akaonane na wadogo zake. Na ikiwa nauli haipo, simu ipo. Kwa mzazi aliye hai lakini hawezi kulea, kwa ugonjwa, kifungo au ulevi, kazi ni ngumu zaidi, na hapo mlezi aseme kweli bila kuhukumu: "Baba yako anaumwa na pombe. Anakupenda, ila kwa sasa hawezi kukutunza." Kijana ataifahamu kweli hiyo. Anaifahamu tayari; alichokosa ni mtu wa kuisema pamoja naye.

Hata hivyo, mlezi atendaye haya yote hataikwepa siku moja. Siku hiyo kijana, kwa sababu ya simu aliyonyang'anywa au ruhusa aliyonyimwa, atasimama mlangoni na kusema, "Wewe si baba yangu." Walezi waliotueleza habari hii walituambia kwamba neno lile liliwachoma kuliko matusi. Wengine walijibu palepale: "Basi nenda kwa baba yako," wakijua yuko kaburini.

Tumkumbuke Mtakatifu Yosefu. Injili ya Luka yatusimulia habari za Mtoto Yesu alipokuwa na miaka 12, akabaki Yerusalemu, wazazi wakamtafuta siku tatu kwa uchungu. Walipomwona hekaluni, Mama yake alimwambia jinsi yeye na baba yake walivyohangaika. Na Yesu akajibu kwamba ilimpasa kuwa katika mambo ya Baba yake. Yosefu alikuwa amesimama pale. Alisikia neno "Baba" likitajwa, na aliyetajwa si yeye. Tunajua kwamba kwa Bwana wetu neno lile lilikuwa fumbo la Utatu, wala halikuwa ukaidi. Lakini mwinjili asema wazi kwamba wazazi hawakulielewa siku ile. Yosefu hakuandikiwa jibu lo lote. Hakuhesabu safari ya Misri usiku, wala miaka ya randa na msumeno. Wakashuka wote pamoja mpaka Nazareti. Papa Fransisko, katika barua yake juu ya Mtakatifu Yosefu ya mwaka 2020, alifundisha kwamba mtu hawi baba kwa kuleta mtoto duniani tu, ila kwa kuchukua dhima ya kumtunza. Na kila achukuaye dhima ya uhai wa mwingine amekuwa baba kwake kwa namna fulani.

Basi mlezi ajibu nini mlangoni? "Ni kweli, baba yako ni marehemu, nami sishindani naye. Mimi ndiye niliye hapa, na ruhusa bado sijatoa. Chakula ni saa mbili." Kijana atakwenda zake amenuna. Saa mbili atakula. Anachokipima siku hiyo ni kama paa litaondolewa juu yake. Kwa hiyo lipo tishio moja ambalo twawasihi wasomaji walifute kabisa katika vinywa vyao: "Nitakurudisha kwenu." Adhabu ziwepo, kazi ziwepo, saa ya kurudi nyumbani iwepo, na iwe ileile kwa watoto wote, lakini nyumba yenyewe isiwe fimbo.

Tusije tukaeleweka kwamba upendo hutibu yote. Kijana asiyelala kwa majuma mengi, asiyekula, anayejikata mwilini, anayesema afadhali afe, au aliyeacha ghafula kila alichokipenda, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba karibu nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 18. Asipelekwe kwanza kwa anayedai kutoa mapepo, wala asiambiwe kwamba anajifanya. Na kijana anayeteswa katika nyumba aliyopokewa, kwa kipigo au kwa uchafu wa mtu mzima, anaweza kupiga simu namba 116, huduma ya watoto ya nchi nzima, bila malipo. Namba hiyo yafaa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kigango, hata kama kuna watakaokasirika kuiona.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ni la miaka 18. Siku hiyo kijana si mtoto tena mbele ya sheria, na katika nyumba nyingine huambiwa kwamba kazi imekwisha. Mtoto wa kuzaliwa, akienda chuoni au kutafuta kazi, huacha begi lake nyumbani. Anayo anwani ya kuandika katika fomu, na pa kurudi akikosa kodi ya chumba. Mama mmoja mjane alitueleza juu ya kijana wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu miaka 13, ambaye sasa amekwenda Mwanza kujifunza ufundi wa magari. Mwaka wa kwanza hakuandika wala kupiga simu hata mara moja, na majirani walisema, umeona shukrani yao? Yule mama hakuwajibu. Kitanda cha kijana hakukiuza wala hakukihamishia sebuleni, ingawa nyumba ni ndogo. Mwezi wa Desemba alikifulia shuka, akafunga chandarua kipya. Kijana alifika tarehe 23 usiku, na basi la mwisho, bila kutoa habari. Akaingia chumbani moja kwa moja, akalala.